Mstari Juu ya Jina la Oloo

Ijumaa ya tarehe tano Aprili, mwaka elfu mbili na kumi na tisa, simu ya Oloo ililia saa kumi na moja alfajiri kama ilivyolia kila Ijumaa, na hakuna aliyeizima.

Nassoro alilala kitanda cha chini yake. Alikuwa ameshaswali na kurudi kujinyoosha, maana Ijumaa ndiyo siku pekee ambayo basi la kazini halikuja kuwachukua. Aliisikiliza simu ikilia, ikinyamaza, ikilia tena.

"Oloo," aliita bila kufumbua macho. "We Oloo. Basi la kanisa litakuacha."

Hakujibiwa. Akapiga goti kwenye mbao za kitanda cha juu, mara mbili, kama walivyozoea kuamshana kwa miaka minne. Kwa kawaida Oloo angejibu kwa kupiga kisigino, kisha angelaumu kwa Kijaluo, kisha angeshuka. Nassoro akangoja kisigino. Akainuka, akakanyaga ukingo wa kitanda chake na kumshika rafiki yake mguu. Ulikuwa na baridi, na haikuwa baridi ya kiyoyozi.

"Dedan," alisema. Sauti yake mwenyewe aliisikia kama ya mtu aliye chumba cha pili. "Dedan, hebu amka uwashe taa."

Walikuwa wanne mle ndani. Dedan, Mkenya wa Meru mwenye mdomo usiotulia, alilala mkabala nao. Juu yake alilala Makame, Mzanzibari wa makamo, mkubwa wao wote kwa umri, ambaye walimwita Ami. Siku hiyo mdomo wa Dedan ulitulia. Ami Makame ndiye aliyeshuka, akatazama, akamfunika Oloo shuka mpaka kidevuni kama mtu anayefunika mtoto, kisha akaenda kumwita mlinzi wa kambi.

Walikuja watu wa zahanati, wakaja askari wawili, ikaja machela. Ilipofika saa nne Oloo alikuwa ameshatolewa. Kikaratasi walichoonyeshwa baadaye kilisema moyo ulisimama. Alikuwa na umri wa miaka thelathini na minane.

Ukutani, nje ya kila mlango wa kambi ile ya wafanyakazi, Industrial Area ya Doha, palikuwa na mfuko wa plastiki wenye orodha ya vitanda. Kabla ya adhuhuri bosi wa kambi alikuja na kalamu nyekundu na rula. Aliitoa orodha, akaiegemeza ukutani, akaweka rula kwa uangalifu na kupiga mstari juu ya jina la Oloo.

Dedan alikuwa amesimama mlangoni na kikombe cha chai ambacho hakukinywa.

"Na rula juu!" alisema. "Jamaa hajafika hata mochwari, na wewe unamletea rula!"

"Habibi, si mimi," bosi wa kambi alisema kwa upole. Hakuwa mtu mbaya. "Kitanda kikiwa wazi lazima kionekane kiko wazi. Khalas, basi."

Akairudisha orodha kwenye mfuko, akaondoka na rula yake. Wao watatu walibaki wakiutazama ule mstari. Ulikuwa umenyooka sana.

*

Jambo ambalo halikuwa rahisi kulieleza kwa watu wa nyumbani ni kwamba Oloo alikufa akiwa mgombea.

Mwanzoni mwa mwaka kampuni ilitangaza kwamba kambi itakuwa na baraza. Viti saba, na kila kikundi cha watu kitachagua wake: Wahindi viwili, Wanepali viwili, Wabangladeshi kimoja, Wafilipino kimoja, na Waafrika wote, atokaye Mombasa na atokaye Accra, kimoja. Baraza litakutana na mameneja mara moja kwa mwezi na kusema yanayowasumbua wakazi. Wengi walicheka. Baadhi walidhani ni mtego wa kuwajua wakorofi.

Kampuni ilimwajiri mwanamke wa Kifaransa kuwafundisha. Aliitwa Madame Solange, mama wa miaka hamsini na kitu, mwenye miwani iliyoning'inia kwa kamba shingoni. Aliwakusanya katika ukumbi wa chakula na kuwaonyesha kwenye ukuta picha ya kijiji alikozaliwa: nyumba za mawe, barabara moja, ofisi ndogo ya kijiji iliyobanana na shule. Watu mia tatu tu, alisema. Na katika baraza la kijiji hicho ameketi Mholanzi.

"Amechukua uraia?" Oloo aliuliza. Alikuwa amekaa mstari wa mbele, kofia yake ya ulinzi juu ya goti.

"Hapana. Ni Mholanzi mpaka leo. Ana pasi ya Uholanzi. Anazungumza Kifaransa kibaya."

"Na wanamwacha apige kura?"

"Ya kijiji, ndiyo. Na kugombea pia. Kura ya rais, hapana. Na hawezi kuwa meya."

"Sasa anafanya nini humo?"

"Anashughulikia taa za barabarani," alisema Madame Solange. "Na mitaro. Anakaa pale, anaona taa ikizimika kama wanavyoona wengine. Kwa nini asiseme?"

Oloo aligeuka kumtazama Nassoro, na uso wake ulikuwa na furaha ambayo Nassoro hakuwahi kuiona kule juani kazini. "Umesikia, Nassoro? Taa! Mtu wa kuja, na anaulizwa habari ya taa."

Wao wawili walilinda geti namba nne la eneo la ujenzi kule Lusail, geti la nyuma ambalo malori ya kokoto hupitia. Mageti mengine yalikuwa na vibanda. Namba nne lilikuwa na nguzo, kizuizi cha chuma na kiti cha plastiki. Kiangazi kilichopita walikuwa wakihamisha kile kiti kufuata kivuli cha nguzo, kivuli chenye upana wa mkono, na walipokezana: mmoja akae kivulini dakika kumi, mwingine ashughulike na malori. Walikuwa wamelalamika kwa msimamizi mara ngapi, hawakukumbuka tena. Kila mara waliambiwa geti lile ni la muda.

Siku ile ile Oloo alichukua fomu. Palipoandikwa "Mgombea anataka nini," alijaza kwa herufi kubwa, kwa Kiingereza, maneno ambayo baadaye kambi nzima iliyajua: KIBANDA GETI NA. 4. KIVULI. MAJI. SITAKI KINGINE. Na alipopita vyumba kuomba kura alikuwa akisema, "Mimi sitaki umeya, ndugu zangu, nataka kivuli," na watu walicheka na kumpigia makofi.

Mpinzani wake alikuwa Tony, Mganda wa stoo. Tony alikuwa mtu mpole, alikaa chumba cha karibu na ofisi na kunywa chai na bosi wa kambi, na wakazi walijua kwamba hatamwudhi meneja yeyote kwa sababu ya kiti cha plastiki huko Lusail.

*

Jumapili, siku ya tatu tangu msiba, Dedan na Ami Makame walimweka Nassoro kati.

"Ami, anza wewe," Dedan alisema. "Mimi nikianza ataniona nafanya mzaha."

"Mdogo wangu," Makame alisema. Alikuwa akikunja kanzu yake pole pole, upande kwa upande. "Kura ni Alhamisi ya tarehe kumi na nane. Akibaki Tony peke yake, lile geti ndio basi tena. Watu wa vyumba vya huku wote walikuwa wa Oloo. Wanataka jina."

"Andikeni ninyi jina lenu."

"Mimi kiwanda cha zege na geti lenu wapi na wapi? Nitasema nini? Dedan anaendesha basi, mwenzio anakaa na kiyoyozi usoni."

"Kiyoyozi ya basi yangu imekufa tangu Januari, Ami, usinipakazie," Dedan alisema. Kisha, kwa sauti ya chini: "Nasso, ni wewe tu. Wewe ndiye ulikuwa unakaa kwa hicho kivuli cha mkono na yeye."

Nassoro aliupapasa mto wake. Alikuwa amechoka, na uchovu wenyewe haukuwa wa siku tatu. Mkataba wake ulikuwa unaisha mwisho wa Juni. Fomu ya kuurefusha ilikuwa chini ya mto, tupu, na alikuwa amekusudia kuirudisha tupu vile vile. Miaka minane Doha ilimtosha. Na asiye na mkataba hakai barazani. Hilo liliandikwa wazi. Kukubali kugombea kulikuwa na maana ya miaka miwili mingine.

Jioni alimpigia mkewe, Arafa, kule Tanga.

"Pole tena, baba," Arafa alisema. Alimfahamu Oloo kwa sauti tu, yule Mkenya aliyekuwa akidakia simu na kumwita shemeji. "Mama yake kaambiwa?"

"Kaambiwa."

"Maskini. Na wewe unakula?"

Akamweleza habari ya kura. Alieleza vibaya, kwa mafungu, akirudia taa za kijiji cha Ufaransa ambazo hata yeye hakuziona. Arafa alisikiliza mpaka mwisho.

"Yaani unaniambia hurudi Julai."

"Sijasema hivyo."

"Nassoro. Nimeolewa na simu miaka minane. Nakujua unavyosema mambo kabla hujayasema."

Arafa akasema chaji ya simu yake inakwisha, wakaagana.

*

Madame Solange alikuja Jumatatu. Alimpa kila mmoja wa chumba kile mkono na kusema pole kwa Kiswahili, neno moja alilofundishwa kwenye geti la kambi. Kisha akaketi kwenye kiti cha Oloo bila kujua kuwa ni cha Oloo, na hakuna aliyemwambia.

Karatasi za kura, alisema, zilishachapishwa. Zilikuwa na picha, kwa sababu wako wasiosoma, na picha ya Oloo ilikuwamo. Mtu wa wizara ya kazi, atakayesimamia kura, anakuja Alhamisi ile tu. Hakuna muda wa kuchapisha nyingine.

"Lakini iko njia," alisema. "Nyumbani kwetu, vijiji vidogo, mpiga kura anaruhusiwa kukata. Hapendi jina, anapiga mstari, anaandika jina jingine kwa mkono wake. Baba yangu alikatwa na nusu ya kijiji mwaka mmoja, kwa ajili ya kisima." Alitabasamu kidogo, kisha akaona nyuso zao na kuacha. "Nimezungumza na wizara. Wamekubali. Mnakata jina la rafiki yenu, mnaandika Nassoro chini yake. Itahesabiwa ya Nassoro. Anayemtaka Tony anatia alama kwenye picha ya Tony."

"Na tukiandika tu Nassoro chini, bila kukata?" Makame aliuliza.

"Hapo upande wa rafiki yenu kuna majina mawili na kiti ni kimoja. Linahesabiwa la kwanza. La juu." Aliwatazama mmoja mmoja. "Lazima mkate. Mwelezeni kila mtu."

Alipotoka, Dedan alitazama mlangoni, kwenye ule mfuko wa plastiki.

"Huyu mama ni mzuri," alisema. "Lakini ameniambia nifanye kazi ya rula."

"Ni karatasi tu, Dedan," Nassoro alisema.

"Iko na picha yake, Nasso. Anacheka kwa hiyo picha."

Hata hivyo Nassoro alikubali jina lake lipelekwe, na wakapita vyumba. Kila jioni ya wiki ile, baada ya basi kuwateremsha na baada ya kuoga, walikuwa wakibisha milango ya upande wa Waafrika. Nassoro alikuwa na karatasi ya mfano. "Hapa unapiga mstari," alisema, na kidole chake kilipita hewani juu ya picha bila kuigusa. "Halafu hapa unaandika Nassoro." Watu waliitikia kwa kichwa. Mlinzi mmoja Mjaluo aliyeitwa Onyango aliuliza, "Amezikwa?" Nassoro akasema bado, mwili uko mochwari unangoja karatasi za safari. Onyango akasema, "Aa," na kufunga mlango taratibu.

*

Ijumaa Nassoro alipanda basi la kanisa kwa mara ya kwanza maishani mwake. Binamu yake Oloo, dada mmoja aliyeitwa Velma, msafishaji wa hoteli, alikuwa ameandaa ibada ya kumkumbuka kule Mesaimeer, kwenye eneo la makanisa ya Doha, na Dedan alisema haiwezekani chumba kiwakilishwe na mtu mmoja. Ami Makame alibaki, akasema atamsomea dua hapa hapa.

Nassoro alisimama nje, ukutani, kwenye jua la asubuhi, miongoni mwa mamia ya watu wenye nguo safi wakingoja zamu ya ukumbi wao. Nyimbo zilitoka kila upande kwa lugha asizozijua. Baadaye Velma alimfuata, kitambaa cheusi kichwani, akamshika mikono yote miwili.

"Wewe ndiye Nassoro wa chini," alisema. "Alikuwa anasema hivyo. Nassoro wa chini."

"Ndiye mimi, dada. Pole sana."

"Karatasi zimetoka jana. Sanduku linaondoka Jumamosi ijayo, tarehe ishirini. Nyumbani wamechimba, wanangoja." Alijifuta uso. "Mama anauliza vitu vyake viliwekwa wapi. Nikamwambia viko na wenzake. Akaniuliza, kitanda chake kiko? Nikamwambia kiko, Mama. Nilidanganya?"

Nassoro alifikiria ile orodha. Kitanda chenyewe kilikuwa bado hakijapewa mtu.

"Hukudanganya," alisema. "Kiko."

*

Alhamisi ya tarehe kumi na nane meza za ukumbi wa chakula zilisukumwa kando. Palikuwa na masanduku matano ya plastiki, la kila kikundi na rangi yake, na vibanda vya maboksi vya kupigia kura. Mtu wa wizarani, kijana mwenye kanzu nyeupe na saa kubwa, alikaa pembeni na Madame Solange. Kura zilianza saa tisa alasiri, zamu ya mchana ilipokuwa imerudi.

Waafrika walijipanga wakiwa kimya kuliko Wanepali, ambao walikuwa wakiimba. Dedan alijaribu mara moja. "Leo tunapiga kura bila mtu kutupa hata unga," alisema, na wawili watatu wakacheka kidogo.

Zamu ya Nassoro ilipofika alichukua karatasi na kuingia kwenye boksi. Kalamu ilikuwa imefungwa kwa uzi. Upande wa kushoto alikuwapo Tony, amekaza shingo kama aliyepigwa picha ya pasi. Upande wa kulia alikuwapo Oloo. Picha ile Nassoro ndiye aliyeipiga, kwa simu yake, pale getini, na kama mtu angetazama vizuri angeona ncha ya kivuli cha nguzo kwenye bega la kushoto. Oloo alikuwa anacheka kwa sababu dereva wa lori alikuwa amempigia honi.

Aliujua utaratibu. Alikuwa ameueleza katika vyumba zaidi ya hamsini. Aliweka ncha ya kalamu kwenye herufi ya kwanza ya jina, akaona mkono wake unatafuta kitu cha kuunyoosha mstari, ukingo wa karatasi, kitu chochote kilichonyooka, na hapo akamkumbuka bosi wa kambi akiwa ameinama mlangoni. Aliinua kalamu. Huyu mtu bado yuko mjini, alifikiri. Yuko kwenye baridi kule, hajaondoka, mama yake anauliza kitanda.

Nje mtu alikohoa kumhimiza.

Akaandika chini ya picha, kwa mwandiko mdogo, Nassoro. Juu hakugusa. Alikunja karatasi mara mbili, akatoka na kuitumbukiza. Alipopita karibu na Dedan hawakutazamana.

*

Zilihesabiwa hadharani. Mtu wa wizarani alifungua, Madame Solange akainua kila karatasi juu ili ionekane.

Za kwanza zilikuwa za Tony. Kisha ikaja moja yenye Oloo asiye na mstari na jina la Nassoro chini. Madame Solange aliitazama muda mrefu kidogo, akaiweka peke yake. Ikaja nyingine kama hiyo. Ikaja nyingine. Mtu mmoja alikuwa ameandika Nassoro kwa herufi nzuri za shule, akapamba na kimstari chini ya jina la Nassoro, lakini juu hakugusa kitu. Rundo lile la pembeni lilizidi kukua na ukumbi ulizidi kunyamaza. Nassoro alielewa kabla hazijafika thelathini. Kila chumba walichopita waliitikia kwa kichwa, na kila mtu, peke yake ndani ya boksi, alifanya kama alivyofanya yeye.

Karatasi mia moja tisini na nane. Zilizoharibika tisa. Tony, themanini na nne. Zilizokatwa vizuri na kuandikwa Nassoro, tisa. Na zile za rundo la pembeni, tisini na sita.

Madame Solange na mtu wa wizarani walinong'onezana. Kisha Madame Solange alivua miwani yake, akaivaa tena.

"Niliwaambia," alisema, na sauti yake haikuwa ya kulaumu. "Jina la kwanza ndilo linalohesabiwa. Siwezi kubadilisha sasa. Kiti cha Afrika," alisita, "amechaguliwa Bwana Oloo."

Hakuna aliyepiga makofi. Mzee mmoja wa Ghana alivua kofia.

Tony alikuja mpaka walipokuwa wamesimama wale watatu, akijikuna shingo. "Nimeshindwa na marehemu," alisema. "Nikimwambia mke wangu kule Masaka, atasema nimeanza kunywa." Kisha akampa Nassoro mkono. "Pole, ssebo, bwana. Kwa kweli alikuwa mtu."

Walipofika chumbani Dedan aliketi kitandani na kushika kichwa. "Mimi nilisema nitakata," alisema. "Naapa, Ami, niliingia na nia ya kukata."

"Hata mie," alisema Makame. "Nikasema wenzangu watakata, mimi mmoja nisipokata haidhuru."

Wakamtazama Nassoro.

"Msiniulize," alisema.

Dedan akaanza kucheka, kicheko cha kuchoka kisicho na sauti, mabega tu yakitikisika, na ikachukua muda kabla hawajatambua kwamba alikuwa amekwisha kuanza kulia.

*

Sanduku liliondoka Jumamosi. Oloo alizikwa nyumbani kwao Ugenya wiki iliyofuata, na Velma aliwaletea picha kwenye simu.

Kanuni za baraza zilisema kiti kikibaki wazi, uchaguzi wa marudio ufanyike ndani ya miezi sita. Zilisema pia kwamba ombi la kila aliyechaguliwa lisomwe katika kikao cha kwanza, na Madame Solange alishikilia kwamba hawakuandika popote kwamba aliyechaguliwa awe hai. Kwa hiyo mwezi Mei, mbele ya mameneja watatu na wajumbe sita, na kiti kimoja kitupu, aliyasoma yale maneno ya herufi kubwa. Meneja mmoja aliuliza geti namba nne ndilo lipi. Ikaandikwa kwenye kumbukumbu za kikao kwamba suala litaangaliwa. Hapakuwa na mtu wa kuuliza litaangaliwa lini.

Nassoro alikuwa ameshajaza fomu ya mkataba siku ya mwisho ya Aprili, akiwa amekaa kwenye kiti cha Oloo. Aliijaza kwa kalamu ya bluu, akairudisha ofisini, kisha akampigia Arafa. Arafa hakugombana. Alisema, "Haya," akauliza kama bado anatumia ile dawa ya macho, akasema watoto wamelala. Tangu siku hiyo huwa anapokea simu yake mara ya pili, si ya kwanza.

Kitanda cha juu amepewa Mkenya mgeni anayeitwa Kevin, kijana mstaarabu anayevua viatu nje. Orodha mlangoni imechapishwa upya. Haina mstari wowote.

Mwezi Juni gari la kampuni lilileta mwavuli geti namba nne, mwavuli mkubwa wa bluu kama ile ya ufukweni, na chupa moja ya maji ya lita kumi na nane. Walinzi waliufunga kwa waya kwenye nguzo. Upepo wa mchana ukivuma inabidi mtu aushike.

Uchaguzi wa marudio ni Alhamisi, tarehe kumi na mbili Septemba. Karatasi zimeshachapishwa, zina picha mbili, ya Tony na ya Nassoro. Mpaka siku hiyo Nassoro yuko getini kuanzia saa kumi na moja alfajiri, na anayepokezana naye chini ya mwavuli ni Onyango.